Dawa Inayomkataa

Rejina Ambrosi alikufa Jumanne saa nne asubuhi, juu ya benchi la duka la dawa la Mabruki, pamba ya sindano ikiwa bado mkononi mwake. Jumatano Shilinde akatiwa mahabusu. Alhamisi ndipo Sajenti Raymundi alipokabidhiwa faili, akaambiwa achunguze.

Kwanza mtu anafungwa, halafu ndipo inatafutwa sababu. Mwaka ule wa sabini na nne mambo yote yalikwenda hivyo. Watu walihamishwa kwanza, maji yakatafutwa baadaye. Rejina mwenyewe alitoka kijiji kipya kando ya njia ya Ujiji, njia ile ile ya misafara ya zamani, ambako yeye na mumewe walishushwa na lori mwezi wa nane pamoja na vyungu vyao. Alijikata mguu kwa jembe akisafisha kiwanja alichopimiwa na bwana mmoja ambaye jioni alirudi mjini kulala kwenye nyumba ya bati.

Ndani ya faili mlikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza, barua ya daktari wa hospitali ya Kitete: dawa iliyochomwa ilikuwa nzima, kipimo chake sawa, ila marehemu alikuwa mtu asiyepatana na penisilini. Koo lilivimba, pumzi ikafunga. Cha pili, maelezo ya Mabruki mwenye duka: kwamba aliajiri kibarua aitwaye Shilinde amtengenezee kadi za wateja, na kibarua huyo hakuandika kwamba Rejina hachomwi penisilini. Cha tatu ilikuwa kadi yenyewe, imebanwa kwa pini.

*Rejina Ambrosi. Kijiji kipya, njia ya Ujiji. Dawa inayomkataa: hakuna.*

Raymundi alianza na mahabusu. Shilinde aliketi chini, magoti kifuani, mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, vidole vina madoa ya wino ambayo maji ya mahabusu hayakuyatoa.

"Unajua kwa nini uko hapa?"

"Wananiambia nimeua mama wa watu kwa kalamu."

"Umemuua?"

"Afande, mimi kazi yangu kadi. Nilikuwa stoo ya leli miaka tisa. Kila kipuli cha injini kilikuwa na kadi yangu. Walipotupunguza wakabaki na stoo, mimi nikaondoka na ujuzi. Nikaanza kupita madukani. Yule fundi cheleani wa sokoni nimemtengenezea, vipimo vya wateja wake wote. Mpiga picha naye. Mtu akiingia huulizi tena, unavuta kadi tu."

"Kwa Mabruki je?"

"Siku kumi na nane nimekaa kwenye benchi lake. Kila mteja maswali matatu: unaitwa nani, unakaa wapi, dawa gani inakukataa. Mwenye kukataliwa na dawa, ule mstali wa tatu naandika kwa wino mwekundu. Hata mtu mwenye halaka auone."

"Rejina?"

"Mwekundu." Shilinde hakufikiri hata kidogo. "Namkumbuka. Alikuja kununua dawa ya macho. Akacheka, akasema hiyo penisilini ilimvimbisha siku moja akafanana na kiboko. Nikamwandikia."

Raymundi akamwonyesha kadi ya kwenye faili. Shilinde akaishika kwa kingo zake, kama mtu anayeshika picha.

"Kalatasi ni yangu, nilimwachia nyingi. Mwandiko unajitahidi kufanana. Si wangu."

"Wote waliokaa humu wanasema si wao."

"Basi nipelekeni dukani. Kadi ya Lejina nitaitoa hata mkinifunga kitambaa machoni."

"Inspekta kakataza usitoke. Anataka Jumatatu upandishwe kizimbani. Kuua bila kukusudia."

"Miaka mingapi hiyo?"

"Hakimu ndiye anayejua."

Shilinde akaangalia vidole vyake. "Nina mke mgonjwa kule Isikizya, afande. Hajui kama niko huku. Anadhani bado nipo kazini."

Raymundi akatoka. Barazani palikuwa na mtu ameketi pale tangu alfajiri, kofia mapajani, vumbi la njia hadi magotini. Alikuwa Ambrosi, mume wa marehemu. Alizika jana, leo ametembea tena hadi mjini.

"Mwangaluka, baba," Raymundi alimsalimu.

"Mwangaluka. Wamesema nikae nisubili mkubwa."

"Amekuambia utasubiri mpaka saa ngapi?"

"Mkubwa huwa anasema saa?"

Duka la Mabruki lilikuwa katika nyumba ya kale karibu na soko, mlango wa nakshi, kuta nene za udongo zilizokuwa zikihifadhi bidhaa za misafara kabla ya kuhifadhi vidonge. Mabruki mwenyewe alikuwa nyuma ya meza, kanzu nyeupe, miwani juu ya paji la uso.

"Karibu, Sajenti. Kahawa?"

"Sina muda, Mzee Mabruki. Shikamoo."

"Marahaba. Muda huna na mhalifu unaye? Hao wa kazi za kupitapita ndivyo walivyo. Leo kwa fundi, kesho kwako, kesho kutwa humpati."

"Ulimpataje?"

"Fundi cherehani alinisifia. Nikamwita. Maana wakaguzi wakija wanataka kuona mambo ya kisasa, siyo dawa tu kwenye makabati. Nikamwambia nataka kisanduku kimoja, wateja wote ndani."

"Mkaandikiana?"

"Kwa mdomo tu. Siku ishirini."

"Alifanya kumi na nane."

"Kazi iliisha."

"Yeye alisema imeisha, au wewe?"

Mabruki akashusha miwani. "Alitaka zile mbili za mwisho akae na Katarina, mchoma sindano wangu, amfundishe kutafuta. Nikamuuliza, kutafuta nini? A, be, che, nani hajui? Nimlipe mtu siku mbili za kuongea? Akaniambia ati, 'Mzee, kila kisanduku kina tabia ya mwenyewe aliyekitengeneza.' Nikamwambia tabia zako peleka kwa mkeo."

"Mkagombana."

"Yeye ndiye aliyegomba. Akaondoka amenuna. Na andika hilo, Sajenti. Mtu mwenye kinyongo anaweza kuandika chochote kwenye kadi, au kuacha kukiandika."

Raymundi aliliandika. Kisha akauliza, "Kadi zilikuwa zimekwisha kuandikwa mlipogombana?"

"Zote. Ndiyo nasema kazi iliisha."

"Basi kinyongo kilikuja kadi zikiwa ndani ya kisanduku." Akakata mstari juu ya alichoandika. "Nionyeshe kisanduku."

Kilikuwa kazi nzuri. Mbao za mninga, kimo cha matofali mawili, na ndani vigawanyo vya katoni, kila kimoja kina herufi yake juu. Kadi zilisimama wima, kingo zimelingana, hakuna iliyopinda. Raymundi alikuwa ameona ofisi za wakubwa zenye makabati ya chuma ambamo hupati hata karatasi ya jana. Hiki kilitengenezwa na mtu asiye na ofisi.

Akapitisha kidole. A ilijaa, akina Abdallah na Amina. M ilijaa zaidi. S vilevile. Alipofika R, kidole kikagusa sakafu ya mbao.

"Kadi ya Rejina uliitoa hapa?"

"Hapo hapo, kwenye R. Jumanne ile ile, polisi walipofika."

"Na nyingine?"

"Nyingine zipi?"

"Za R. Hamna hata moja. Rajabu hayupo, Ramadhani hayupo. Rashidi, Rehema, Rukia, hawapo. Kadi karibu mia nne, Mzee Mabruki, za mji kama huu wetu, na Ramadhani amekosekana?"

Mabruki akatazama kisanduku kama vile ndiyo mara yake ya kwanza kukitazama. Huenda ilikuwa kweli.

"Labda hawajaugua," alisema.

"Mimi niliugua." Raymundi akavuta kiti akaketi. "Mwezi uliopita. Nilinunua kwinini hapa hapa. Palikuwa na mtu kwenye benchi na kalamu, akaniuliza jina, akaniuliza nakaa wapi. Mimi ni Raymundi. Niko wapi?"

"Sijui. Atakuwa alikuruka. Si ndiyo nasema, mtu mzembe."

Raymundi alitazama tena herufi za vigawanyo. Alikuwa mtoto wa hapa hapa. Alizaliwa nyumba ambayo R ilikuja na padri na ikaondoka naye. Shuleni aliitwa Raymundi. Nyumbani, mpaka mama yake anafariki, hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Akarudisha kidole nyuma, kwenye L. Kigawanyo kilikuwa kimevimba kwa kadi. Akavuta ya kwanza.

*Laimundi. Askali polisi, Cheyo. Dawa inayomkataa: hakuna.*

Akaiweka mezani. Akaendelea taratibu, akizisoma kwa sauti kama anayeita mahudhurio ya darasa. "Lajabu. Lajabu mwingine. Lamadhani. Huyu naye Lamadhani, huyu wa tatu. Lashidi. Lehema." Akasimamisha kidole. Iliyofuata mstari wake wa tatu ulikuwa mwekundu.

*Lejina Amblosi. Kijiji kipya, njia ya Ujiji. Dawa inayomkataa: PENISILINI. Alivimba uso na koo.*

Mteja mmoja aliyekuwa mlangoni aliangalia nyuso zao, akaghairi, akaondoka.

Raymundi akaziweka kadi mbili sambamba, ya faili na ya kisanduku. "Shilinde aliandika jinsi anavyosema. Hakuna R kinywani mwake, hakuna R kwenye kisanduku chake. Hiyo ndiyo tabia aliyotaka siku mbili aifundishe. Kadi hii ya L ni yake. Sasa niambie, Mzee Mabruki, hii ya R, ambayo ni ya pekee, kaiandika nani?"

"Mimi nitampigia simu Inspekta," Mabruki alisema, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye simu.

"Mpigie. Katarina yuko wapi?"

Katarina alikuwa uani, anachemsha sindano kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Msichana wa Moshi, gauni jeupe, viatu vyeupe vilivyopakwa chokaa. Aliona kadi mikononi mwa Sajenti, akaiona na rangi nyekundu, akazima jiko.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye L."

"L?" Akarudia mara mbili, polepole. "Mungu wangu. Niliitafuta, afande. Naapa niliitafuta."

"Nieleze tangu alipoingia."

"Aliingia anachechemea. Mguu umeoza, unatoa harufu. Nikamuuliza kama tunavyouliza siku zote, mama, kuna dawa inayokukataa? Akacheka. Akasema, 'Wewe nawe, si mmeshaniandika?'"

"Akasema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Alikuwa na imani na zile kadi kuliko sisi wenyewe. Nikaenda kwenye kisanduku, nikafungua R, hamna kitu. Nikamwambia mzee, huyu mama anasema ameandikwa, mbona simwoni? Mzee akasema, 'Kama hana kadi hana tatizo. Mchome, watu wanangoja.'"

"Kwa nini hukurudi kumuuliza tena?"

Katarina alitazama sufuria. Mvuke ulikuwa ukipungua.

"Kwa sababu mzee alikuwa ameshasema," alijibu.

"Na kadi ya R?"

"Mama alipokwisha kukata roho mzee alifunga mlango, akachukua karatasi moja kati ya zile zilizobaki, akaandika. Akasema polisi wakikuta hana kadi watauliza kwa nini tulichoma bila kadi. Wakikuta anayo watamuuliza aliyeiandika."

"Uko tayari kuyasema haya kituoni?"

"Niko tayari. Nimekaa nayo siku mbili, siwezi hata kula."

"Njoo saa tisa."

Saa nane Raymundi alikuwa mbele ya Inspekta Abbasi. Inspekta alizisoma kadi zote mbili bila kuketi. Simu ya Mabruki ilikuwa imefika kabla yake; ilionekana kwa jinsi alivyokuwa hashangai.

"Kwa hiyo mtu wako aliandika jina la uongo," alisema.

"Afande?"

"Jina ni Rejina. Hospitali wameandika Rejina. Yeye kaandika Lejina, akaificha kadi mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kutafuta, mtu akafa. Umenisaidia. Jumatatu anakwenda."

"Hakuificha. Alitaka siku mbili za kumfundisha mchoma sindano, akanyimwa."

"Mahakama haihukumu siku mbili. Inahukumu kadi. Jina si sahihi, basi."

Raymundi alikwenda mlangoni akaufungua. "Baba Ambrosi, ingia."

Ambrosi aliingia kofia mkononi, akasimama alipoambiwa asimame. Hakumsalimu mtu, alikuwa amechoka kusalimu.

"Mkeo alikuwa anaitwa nani?" Raymundi aliuliza.

"Lejina."

"Sema vizuri," Inspekta alisema.

"Ndiyo vizuri, bwana mkubwa. Padli alimbatiza Lejina. Nimemwoa Lejina, miaka kumi na minane namwita hivyo. Jana wanangu wamelia kabulini, 'Mama Lejina.' Kuna mwingine mnayemtafuta?"

Raymundi akamsomea Ambrosi kadi ya wino mwekundu, neno kwa neno, kwa sababu Ambrosi hakujua kusoma. Alipofika kwenye kuvimba koo, mzee aliinua mkono kumkatisha.

"Nani kaandika hivyo?"

"Mtu aliye mahabusu."

"Huyo mliyeniambia ndiye kamuua?"

"Huyo."

"Kaandika kweli tupu. Mimi nilikuwepo siku ile alipovimba, nilimbeba kwa baiskeli." Ambrosi akamgeukia Inspekta. "Bwana mkubwa, mmetuhamisha tukahama. Mmetuambia tulime hapa, tumelima. Lakini mtu huyu msimfunge kwa jina la mke wangu. Mkimfunga, Jumatatu nitakuja niseme mahakamani aliitwa nani. Nitakuja na wanawe wote. Nitakuja na kijiji."

Raymundi aliandika maelezo yale palepale, kwa mwandiko mkubwa, na Ambrosi akatia dole gumba. Wino ulibaki mkononi mwake. Akaupangusa kwenye suruali.

Inspekta Abbasi alisubiri mpaka mzee akatoka. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu hii ilikuwa imebadilika. Kijiji kizima mahakamani ni jambo linalofika kwenye masikio ya wakubwa zaidi yake.

"Mtoe Shilinde," alisema.

"Ndiyo, afande."

"Aliyechoma sindano ni nani?"

"Katarina. Kwa amri ya Mabruki. Na Mabruki ndiye aliyeghushi kadi hii ya R baada ya—"

"Kadi ipi?"

"Hiyo iliyo mkononi mwako, afande."

Inspekta akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Mimi naona kadi moja tu. Nyekundu. Inasema asichomwe penisilini, na mtu kamchoma. Dawa za vijiji vipya anapeleka nani, Sajenti? Nani mwingine ana gari na stoo? Wewe? Nikimweka ndani Mabruki leo, kesho nitaulizwa na watu ambao siwezi kuwajibu. Mwandike shahidi."

"Msichana atasema."

"Aseme. Neno lake na la mzee wa mjini."

Shilinde alitoka saa tisa kasoro, akipepesa macho juani. Barazani alikutana na Ambrosi. Hakuna aliyewatambulisha, lakini walijuana.

"Pole, mzee wangu," Shilinde alisema.

"Asante. Una safali ndefu?"

"Isikizya."

"Basi twende wote mpaka njia panda."

Wakaondoka. Katarina aliwapisha mlangoni. Alikuwa amefika kwa wakati, gauni limepigwa pasi, na karatasi ambayo alikuwa ameandika maelezo yake mwenyewe nyumbani, pande zote mbili. Raymundi aliipokea. Akamwambia amgeukie konstebo wa zamu. Ilichukua muda mpaka akaelewa kwa nini konstebo ameshika funguo.

"Na Mzee Mabruki?" aliuliza.

"Ameandikwa shahidi."

"Shahidi wa nini, afande?"

Raymundi akafungua kitabu cha mahabusu. "Vua viatu, dada."

Alivivua, akavipanga ukutani, visigino vimelingana, akaingia. Komeo likalia. Raymundi akatazama saa ya ukutani, akachovya kalamu, akaandika: *Saa tisa na dakika ishirini. Mwanamke mmoja. Viatu vyeupe, jozi moja.*